Kutoka Moshi wa Tanuri hadi Miliampea: Historia ya Maarifa ya Jotoridi Kisarawe na Kibaha

Utangulizi

Historia ya viwanda nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa jicho la umiliki: nani alijenga, nini kilitaifishwa, nini kikabinafsishwa. Maarifa ya wale wanaoendesha mitambo kila siku yamepewa nafasi finyu. Insha hii inachunguza sehemu moja ya maarifa hayo, yaani kupima na kudhibiti jotoridi, kwa kulinganisha wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha kielektroniki hakikuondoa uamuzi wa binadamu katika kusoma moto. Kiliuhamishia mahali usipoonekana kwa urahisi.

Kisarawe: moto unaosomwa kwa macho

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe imelisha majiko ya Dar es Salaam kwa mkaa kwa miongo mingi. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huacha matundu machache ya hewa. Hana kipimajoto. Moshi mzito mweupe humwambia kwamba kuni bado zinatoa maji. Ukiwa mwepesi na kuelekea rangi ya samawati, anajua kuni zimeiva na matundu yazibwe. Akichelewa, mkaa hugeuka majivu. Akiwahi, hubaki na visiki vibichi. Hukumu hiyo ni ya mtu mmoja, lakini hutolewa hadharani: anayejifunza husimama kando yake, huona moshi uleule, na anaweza kumuuliza.

Safari ya kipimo

Huko Ulaya, njia nyingine ilikuwa ikijengwa. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alionyesha athari ya umeme inayotokea metali mbili tofauti zinapounganishwa na maungio yake kuwa na jotoridi tofauti. Mwaka 1871 William Siemens alipendekeza kupima joto kwa ukinzani wa waya wa platinamu, na mwaka 1887 Hugh Callendar akathibitisha kuwa njia hiyo inaaminika. Kitambuzi kinachoitwa Pt100 ni mrithi wa kazi hiyo: kina ukinzani wa omu 100 katika nyuzi 0 za sentigredi na omu 138.5 katika nyuzi 100.

Ishara hiyo ni dhaifu, hivyo hupokelewa na transmita, ambayo huigeuza kuwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20 na kuupeleka kwenye chumba cha udhibiti. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Rosemount ya Marekani ilibuni itifaki ya HART, inayopandisha mawimbi ya herzi 1200 na 2200 juu ya mkondo huohuo. Tangu hapo fundi ameweza kuunganisha kifaa cha mawasiliano cha mkononi kwenye nyaya mbili za transmita, mradi mzunguko uwe na ukinzani wa takriban omu 250, na kuipangia transmita kazi yake bila kuifungua.

Kibaha: uhai ndani ya tangi

Katika eneo la TAMCO mjini Kibaha, ambako awali yaliunganishwa malori ya Scania, Shirika la Maendeleo la Taifa lilijenga kwa teknolojia ya Kuba kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia, kilichozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2015. Kiwanda hicho huzalisha Bactivec na Griselesf, dawa zenye bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa kiwandani hapo, aliagiza halmashauri zinunue dawa hizo ili kupambana na malaria.

Uzalishaji wa aina hii una mahitaji mawili yanayopingana. Vyombo hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua kila kijidudu kisichotakiwa. Kisha bakteria wanaotakiwa hukuzwa katika nyuzi zipatazo 30. Tangi ni la chuma na limefungwa. Hakuna moshi wa kusoma.

Uamuzi uliofichika

Kwa kifaa cha mkononi, fundi huchagua aina ya kitambuzi, idadi ya nyaya zake, kipimio, mipaka ya chini na ya juu, kasi ya kuitikia mabadiliko, na mkondo utakaotolewa kitambuzi kikiharibika. Kila chaguo ni hukumu. Kwa mfano, nyaya mbili zenye jumla ya omu 1.54 zisipofidiwa huongeza takriban nyuzi 4 za uongo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Transmita ikipangwa nyuzi 0 hadi 150, ilhali kidhibiti kimepangwa 0 hadi 100, tangi lenye nyuzi 30 hutoa miliampea 7.2, na kidhibiti husoma nyuzi 20. Kidhibiti kitaongeza joto mpaka kisome 30, wakati tangi limefika 45. Hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa kila kifaa kinatekeleza kilichoagizwa. Ndiyo maana fundi makini hukiweka kwanza kidhibiti katika hali ya kuendeshwa kwa mkono, hupanga, kisha huiamuru transmita itoe miliampea 4, 12 na 20 na kulinganisha kinachosomwa upande wa pili kabla ya kurejesha udhibiti wa kujiendesha.

Hitimisho

Tofauti ya Kisarawe na Kibaha, basi, haipo kati ya kubahatisha na uhakika. Mchoma mkaa na fundi wa vipimo wote huamua. Ila uamuzi wa kwanza huonekana angani, na wa pili hulala ndani ya kumbukumbu ya kifaa. Fundi akihama bila kuandika hali aliyoikuta na hali aliyoiacha, maarifa huondoka naye, na anayemfuata hurithi namba asizojua sababu yake. Kwa mtafiti wa historia, daftari la mipangilio ya transmita lina thamani sawa na kumbukumbu za vikao vya bodi. Viwanda vya Pwani bado ni vichanga. Madaftari hayo yakihifadhiwa sasa, na kwa Kiswahili, historia ya kazi yenyewe itaweza kuandikwa pamoja na ile ya umiliki.