Funza aliyeishinda pamba ya India

Mwezi Machi mwaka 2002 serikali ya India iliidhinisha kilimo cha pamba iliyobadilishwa jeni, miaka 6 baada ya Marekani kuanza kuipanda. Pamba hiyo ilipandikizwa jeni ya bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ili mmea wenyewe utengeneze sumu ya kuua funza wanaotoboa vitumba. Kwa mkulima aliyezoea kubeba bomba la dawa mgongoni, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Wataalamu walijua tangu mwanzo kwamba funza wachache huenda wakazaliwa na usugu. Ndiyo maana mkulima alitakiwa kupanda pembeni pamba ya kawaida, isiyo na sumu. Humo wangezaliana nondo wasio sugu, kisha wakapandana na wale wachache walio sugu. Kwa kawaida usugu huo hufanya kazi pale tu unaporithiwa kwa wazazi wote wawili. Aliyeurithi kwa mmoja hufa akila pamba yenye sumu.

Nchini India mbegu ya kawaida ilitolewa katika kipakiti cha gramu 120, pamoja na mfuko wa mbegu yenye sumu. Wengi hawakuipanda. Ni vigumu kuwalaumu: mtu mwenye ekari chache na deni la msimu anaambiwa awalishe funza kwa hiari yake! Isitoshe, mbegu chotara zilizouzwa huko hukaa shambani muda mrefu, na funza wa rangi ya waridi hushamiri hasa mwishoni mwa msimu.

Mwaka 2010 kampuni ya Monsanto ilitangaza kwamba funza huyo amekuwa sugu katika wilaya 4 za jimbo la Gujarat. Mbegu yenye sumu 2, iliyoingia sokoni mwaka 2006, nayo ilikuwa imeshindwa huko kufikia mwaka 2015. Mwaka 2017 mashamba ya Maharashtra yalishambuliwa vibaya, na wakulima wakarudia mabomba yao ya dawa.

Katika jimbo la Arizona, funza yule yule alikutana na mambo mengine. Wakulima walitenga pamba ya kawaida kwa miaka 10, na kuanzia mwaka 2006 ndege zikamwaga nondo waliohasiwa. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kwamba imemtokomeza katika maeneo yake ya pamba.

Kenya iliidhinisha pamba ya aina hiyo Desemba 2019, kwa mbegu chotara kutoka India, zenye sumu zile zile 2.