Unatafuta Amplifaya ya Kibodi Mombasa? Soma Hii Kabla Utoe Doh

Ukiingia Biashara Street uulizie amplifaya ya kibodi, utaonyeshwa leso. Hiyo ndio barabara ya leso Mombasa, na ile "Mali ya Abdulla" unaisoma kwa leso ya mamako imetoka hapo hapo. Lakini harusi nyingi za Old Town huanzia kwa hayo maduka. Wamama wakishachagua leso za sare, simu inayofuata inapigiwa msee wa kibodi. Na kama huyo msee ni wewe, usijidanganye na zile spika za ndani ya kibodi. Ziko na wati chache tu. Kejani zinabamba, ukumbini ukiwa na wamama mia mbili wanaimba juu yako, hata wewe mwenyewe hujisikii.

So unahitaji amplifaya, na hapa ndio wasee huchomeka.

Kosa la kwanza ni kushika amplifaya ya gita juu iko bei poa. Spika ya gita haina haja na sauti za juu sana, inaanza kuzikata karibu na hertz 5,000. Gita linapenda hivyo. Kibodi nayo inashuka hadi hertz 27.5 kwa noti ya mwisho kushoto ya piano kubwa, na huko juu iko na ung'aavu unaohitaji spika ndogo ya pembeni, ile inaitwa twita (si ile ya Elon). Ukichapa piano kwa amplifaya ya gita inatoka kama imefunikwa blanketi. Na ukiweka besi nzito kwa sauti ya juu, unaweza kupasua koni ya spika.

Kosa la pili ni kuamini namba. Utaona wufa imeandikwa "10,000W PMPO" na muuzaji anakuambia, "Ami, hii itatikisa Fort Jesus." Mimi niliachia kozi ya umeme katikati, lakini hii bado naikumbuka: kitu hakiwezi kutoa nguvu haijaingiza. Geuza hiyo wufa nyuma usome inakula wati ngapi kwa soketi. Ikiwa inakula 60, hizo elfu kumi ni story za jaba. Namba ya kuuliza ni wati za RMS, yaani zile inaweza kushikilia kwa muda bila kulia.

Kwa kulinganisha, Roland KC-80 ni wati 50 na spika ya inchi 10. KC-200 ni wati 100 na inchi 12, KC-400 ni 150 na inchi 12, na KC-600 ni 200 na inchi 15. Behringer nao wako na K450FX ya wati 45 na K900FX ya 90. Mazoezi ya chumbani na madrasa ndogo ya muziki, wati 50 inatosha. Harusi ya ndani, mimi siendi chini ya 100 na inchi 12. Inchi 15 ni tamu kwa besi, lakini fikiria ngazi za nyumba za Old Town na tuktuk inakungoja chini ikipigiwa honi. Utaibeba na nani? Kama kuna waimbaji pia, spika ya kawaida ya PA yenye amplifaya ndani, na mikisa ndogo, inaweza kukufaa kushinda amplifaya ya kibodi. Wauzaji wengi hawatakuambia hivyo.

Ukienda kununua, beba kibodi yako na waya wako. Usikubali kuonyeshwa kwa simu na Bluetooth. Chapa noti ya chini kabisa kwa nguvu usikie kama kuna kitu kinatetemeka ndani. Panda hadi juu. Halafu weka sauti ya fidla na ya akodiani, juu ukichapa taarab hizo ndio zitakupa mkate. Mombasa ya kina Juma Bhalo ilikuwa na hamoniamu na taishokoto. Leo msee mmoja anategemewa kutoa yote kwa kibodi moja. Acha kuchapa, panda volyumu, sikiliza: mvumo kidogo ni kawaida, mkwaruzo ukizungusha vitufe si kawaida. Kwa vitu vya mtumba soma kibandiko cha umeme. Ya Marekani ni volti 120, ya Japani ni 100, na soketi yako Kenya ni 240. Bila transfoma ya kushusha unanunua moshi.

Haya, umenunua. Sasa waya, na hapa nitakuambia kitu kilinitoa jasho.

Kibodi nyingi za kuanzia, mfano Yamaha PSR-E373, ziko na tundu moja tu la sauti, lile lile la hedifoni. Hilo tundu ni la sterio: kushoto na kulia viko kwa pini moja. Harusi moja nilichomeka waya wenye pete mbili nyeusi kwa pini, kila upande, kutoka hapo moja kwa moja hadi kwa spika ya PA. Nikaona niko sawa. Kumbe tundu la spika kama hiyo linasoma pini ya pete mbili kama waya wa kuondoa kelele, kwa hivyo linatoa kushoto kwa kulia. Chochote kilicho katikati kinajifuta. Besi ikapotea, ngoma ikawa kama inapigwa kwa jirani, fidla ndio zilibaki zinaelea. Mama mmoja akaja mbele kutuza, akasimama na noti yake mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, stima imeenda?" Akarudi kukaa na noti yake. Tulilipwa, lakini hiyo familia haijawahi kutuita tena.

Dawa ni waya wa Y: upande mmoja pini ya sterio, upande wa pili pini mbili za mono zenye pete moja moja. Hizo mbili zinaingia kwa chaneli mbili tofauti. Kibodi ikiwa na matundu mawili, moja limeandikwa L/Mono, na uko na spika moja, tumia hilo peke yake na kibodi itachanganya yenyewe.

Volyumu ya kibodi weka kama robo tatu, halafu panda na amplifaya polepole. Ukifanya kinyume unapandisha kelele. Washa kibodi kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima, amplifaya kwanza. Ile "puu!" ya kuzima vibaya inaumiza spika kidogo kidogo.

Ikivuma "mmmm" bila kuacha, chomeka kibodi na amplifaya kwa ekstensheni moja. Laptop ikiwa ndio inaleta, ichomoe chaji usikie. Usikate pini ya tatu ya plagi hata fundi akikuambia ndio mbinu. Hiyo pini ndio iko kati yako na shoti.

Kuhusu mahali: kona ya ukuta inaongeza besi, na kumbi nyingi ziko na sakafu ya tailsi na kuta tupu. Kwa hivyo toa amplifaya kwa kona, iinue kwa kiti au iegemeze iangalie masikio ya watu badala ya magoti, na eko ya kibodi ipunguze. Ukumbi utakupa yake bure. Maiki ya mwimbaji isiangaliane na spika, ama itapiga mluzi wakati bi harusi anaingia.

Mwisho, chumvi. Hewa ya kisiwani inakula matundu ya waya. Pangusa pini kwa kitambaa kikavu ukimaliza kazi, na amplifaya usiiache karibu na dirisha la upande wa bahari. Kuifunika, leso ya Biashara Street ni fiti kabisa, bora uitoe kabla ya kuwasha. Inahitaji kupumua.