Kwarara ndiye ibis

Anayetafsiri habari za Misri ya kale hukutana na ndege aitwaye ibis, na njia ya mkato ni kuandika "korongo" au "yangeyange", kwa kuwa nao wana miguu mirefu na hupenda maji. Msomaji hapo anapewa ndege mwingine kabisa. Ibis ni kwarara.

Mtambue kwa mdomo: mrefu, mwembamba, umepinda kuelekea chini kama mundu. Hadungi samaki kwa mdomo huo. Huuzamisha kwenye tope au nyasi mbichi akipapasa, maana nchani mna neva zinazohisi mtikisiko wa mnyoo asiyeonekana. Akiruka hunyoosha shingo, ilhali yangeyange huikunja. Wakazi wa Nairobi na Kampala wanamjua vizuri hadada, kwarara wa rangi ya majivu mwenye kijani kinachometa bawani, kwa kelele zake za alfajiri.

Kuwachanganya ndege hawa kulianza zamani, tena kwa wakubwa. Mwanasayansi Linnaeus alimpa yangeyange jina la ibis mwaka 1758, kisha mwaka 1766 akampa korongo domo-njano jina hilohilo. Mpaka leo majina ya kisayansi ya ndege hao wawili yanaishia na ibis, na hakuna hata mmoja aliye kwarara. Aliyekata shauri ni Mfaransa Cuvier, kwa kuchunguza mifupa ya mumia za ndege zilizoletwa kutoka Misri. Ilioana na ya ndege ambaye msafiri James Bruce alimwona Uhabeshi, ambako watu walimwita Abu Hannes: mweupe, kichwa na shingo vyeusi visivyo na manyoya.

Huyo ndiye ndege wa Thoth, mungu wa Kimisri wa maandishi na hesabu, aliyechorwa na kichwa cha kwarara. Mamilioni ya ndege hao walikaushwa na kuzikwa Saqqara na Tuna el-Gebel. Jina la jenasi yake, Threskiornis, limeundwa kwa Kigiriki kutokana na maneno ya ibada na ndege, hivyo "kwarara mtakatifu" ni istilahi inayostahili. Napendelea hiyo kuliko "kwarara wa Misri", kwa sababu huko alitoweka katika karne ya 19, na leo anaonekana kwa urahisi zaidi kandokando ya Ziwa Victoria.