Historia Fupi ya Ukaguzi wa Aina, na Somo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Miongoni mwa wanafunzi tuliowahi kuwafundisha hapa Mbarara yumo kijana mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Alikulia Kivu, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao, lakini aliacha somo letu akahamia kompyuta. Tulipomtembelea Nakivale tulimkuta akiandika programu ya tovuti, na kioo cha kompyuta kimejaa mistari myekundu ya makosa. Tulimuuliza anavumiliaje kukosolewa hivyo. Akajibu: "Mwalimu, hii mashine inanikosoa pole pole. Nyinyi munanikosoa yote siku moja."

Jibu hilo lilitugusa, tukaona tuichunguze historia ya chombo hicho.

Mwezi Mei 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitengeneza kwa siku 10 mfano wa kwanza wa lugha iliyokuja kuitwa JavaScript. Ilikusudiwa kuandikia programu fupi ndani ya kurasa za wavuti, kwa hiyo haikumlazimisha mwandishi kutaja kama kitu ni namba au ni maandishi. Uhuru huo una gharama. Tuchukue mfano wa fomu ya kuandikisha kaya. Mtu akijaza 4, programu huipokea 4 hiyo kama maandishi. Ikiambiwa imwongeze mtoto 1 aliyezaliwa, haitoi 5, bali huunganisha tarakimu na kutoa 41, bila onyo lolote. Kosa huenda likajulikana siku ya kugawa chakula.

Mwalimu wa Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mtu akisema "kitabu zimeanguka" tunamkamata papo hapo, bila kwenda kutazama kama kitabu kimeanguka kweli. Upatanisho wa ngeli unatosha. Ukaguzi wa aina ndivyo ulivyo: chombo husoma msimbo na kulinganisha aina za vitu kabla programu haijaendeshwa.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Katika miaka ya 1970, Robin Milner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walibuni lugha ya ML, ambayo hubaini aina bila kuandikiwa kila mahali. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint, chombo cha kupekua makosa katika lugha ya C. Douglas Crockford alifuata nyayo hizo mwaka 2002 kwa kutoa JSLint kwa ajili ya JavaScript, ingawa hiyo ilikagua zaidi mtindo na makosa ya kawaida kuliko aina.

Baadaye zikatokea njia mbili. Mwaka 2011 Google ilitangaza Dart, lugha mpya iliyotarajiwa kushika nafasi ya JavaScript. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa TypeScript, chini ya Anders Hejlsberg, mtunzi wa Turbo Pascal. TypeScript haikumtaka mtu atupe alichokwisha kuandika. Msimbo wa zamani ulipokewa. Pasipojulikana aina paliwekwa alama ya "aina yoyote", kisha mwandishi akatia aina faili moja baada ya nyingine. Nadharia ya mwendo huo wa hatua kwa hatua ilikwisha kuelezwa na Jeremy Siek na Walid Taha mwaka 2006. Mwaka 2015 Google iliacha mpango wa kuiingiza Dart katika kivinjari cha Chrome, na mwaka huohuo watengenezaji wa Angular, walio hukohuko Google, wakatangaza kutumia TypeScript. Dart haikufa; leo inaandikia programu za simu. Lakini katika kivinjari ilishinda ile iliyowapokea watu walivyo. Swichi moja ya kuwasha ukali wote iliongezwa mwaka 2017 tu, watumiaji wakiwa wamekwisha kuzoea.

Tusizidishe sifa. Utafiti wa Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba vikaguzi hivi vingeweza kuzuia takriban asilimia 15 ya makosa yaliyochunguzwa. Hata sisi tunajua kwamba "kitabu kimekula ugali" ina upatanisho kamili na bado haina maana.

Basi somo letu ni lipi? Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hawatoshi. Papo hapo, Nakivale kuna vijana wanaokizungumza Kiswahili tangu utotoni, nasi tunawafukuza kwa kalamu nyekundu kwa sababu wanasema "kitabu yangu".

Hatusemi tuache usanifu. Mtihani utabaki mtihani, na mwalimu mtarajiwa lazima afike kwenye ukali wote. Tunachopendekeza ni utaratibu: muhula wa kwanza tusahihishe upatanisho wa ngeli ya KI-VI peke yake, mengine tuyaachie "aina yoyote" kwa muda, kisha tuongeze ngeli moja baada ya nyingine. Yule kijana hatukuweza kumrudisha. Wadogo zake wawili bado wako sekondari.