Meno ya plastiki

Meno ya plastiki (pia: meno ya nailoni) ni jina linalotumika nchini Tanzania kwa uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, unaodhaniwa kuleta homa na kuhara. Jina linapotosha: ni chonge za utotoni ambazo hazijaota.

Meno huanza kuumbwa tumboni mwa mama. Kwenye wiki ya 6 hivi utando wa kinywa cha kiinitete hunenepa kufuata ukingo wa taya, kisha hutoa vichipukizi. Chonge huanza kuwa ngumu mwezi wa 4 au wa 5 wa mimba, lakini hutokeza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Uvimbe wake huonekana hasa miezi 4 hadi 8 baada ya kuzaliwa, umri uleule wa kuanza uji na kutambaa, ambapo kuhara ni kawaida.

Baadhi ya waganga huchimbua kichipukizi kwa kisu au spoki ya baiskeli. Mtoto huweza kutokwa damu nyingi au kupata pepopunda, na chonge ya kudumu, inayoumbwa jirani, huweza kuharibika. Katika bonde la Kilombero, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imetafiti malaria kwa miongo mingi, homa hiyo huweza kuwa malaria, nayo inahitaji kupimwa na kutibiwa siku hiyohiyo.