Shilingi 18,000 na Historia ya Neno "Wito"

Barua ya ajira ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hospitali ya binafsi, zamu za saa kumi na mbili, mshahara shilingi 18,000 kwa mwezi. Meneja aliyenikabidhi alitabasamu akasema, "Sisteri, uuguzi ni wito." Nikamwomba siku tatu nifikirie.

Siku hizo nilizitumia kufuatilia neno wito lilitoka wapi, maana niliona ndilo lililokuwa likikata mshahara wangu.

Kila mwanafunzi wa uuguzi anamjua Florence Nightingale. Tunasoma alivyokwenda kwenye vita vya Crimea mwaka 1854 na shule aliyoianzisha London mwaka 1860. Jambo ambalo hatuambiwi sana ni kwamba mwaka 1853, alipopata kazi ya kusimamia hospitali ndogo ya wanawake huko London, hakulipwa mshahara. Aliweza kuikubali kwa sababu baba yake alimpa pauni 500 kwa mwaka. Simlaumu. Lakini wito wake ulikuwa na mtu wa kuulipia chakula. Wangu hauna.

Huku kwetu, hospitali za misheni kama Kikuyu na Tumutumu zilifundisha Waafrika kuhudumia wagonjwa, na kazi ikafungamana na imani. Upande wa serikali ya kikoloni, mishahara ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ni Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliyoleta mwisho wa viwango hivyo. Kwa hivyo kumlipa kidogo anayeosha kidonda si jambo lililoanza jana.

Halafu kuna kizazi cha shangazi yangu. Alimaliza KMTC mwaka 1978. "Sisi hatukutafuta kazi," huniambia. "Ulikuwa unasoma jina lako kwa orodha, unapanda basi." Serikali ilimpeleka Kitui na kumpa nyumba.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Chini ya masharti ya Benki ya Dunia na IMF, serikali ilipunguza wafanyakazi na kubana ajira mpya. Vyuo viliendelea kutoa wauguzi, wadi zikaendelea kukosa wauguzi, na hizo pande mbili hazikukutana. Mwaka 2013 afya ikahamia kaunti 47. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba wakidai mkataba wao wa malipo. Mwaka 2021 Kenya ikatia saini makubaliano na Uingereza ili wauguzi wasio na kazi hapa waende kufanya kazi kule. Yaani nchi yenye wadi zisizo na wauguzi ilikuwa na wauguzi wa kutoa.

Usiku wa pili nilipiga hesabu nyuma ya ile barua. Chumba 6,000, nauli 4,000, chakula 6,000. Inabaki 2,000, na mkopo wa HELB bado haujaguswa. Upande wa pili nikaandika jambo moja tu: mwaka mzima tangu nimalize chuo sijashika sindano. Kaunti inataka uzoefu. Ng'ambo wanataka uzoefu. Hakuna anayeuliza uliupata kwa shilingi ngapi.

Nikampigia shangazi, nikitarajia aniambie kazi ni kazi. Hakusema hivyo. "Mkataba unaisha lini? Zamu za usiku wanalipa ngapi? Watakuandikia barua ukitoka? Nenda uulize kwanza, mwanangu, ndio uje tuongee."

Siku ya tatu nilirudi na maswali yake kwenye karatasi. Niliomba mkataba wa miezi sita badala ya miaka miwili, posho ya usiku, na barua inayotaja wadi nitakazofanyia kazi. Posho nilinyimwa. Hayo mengine mawili nikapewa, na nikahakikisha yameandikwa kabla sijatia saini.

Sijui kama nilifanya vizuri. Najua kwamba baada ya miezi sita nitakuwa na haki ya kuondoka bila kumwomba mtu msamaha.

Meneja aliniambia tena habari ya wito huku akikunja nakala yake. Nikamjibu kwa upole, "Ni kazi, Madam."

Jumatatu saa moja asubuhi niliingia zamu.