Funza wa Embe Alitoka Wapi?



Msimu uliopita hapa Segerea tulialikwa kwenye shughuli ya mwali. Dodo likakatwa mbele ya mawifi, funza hao wanarukaruka kwenye sahani! Minong'ono ikaanza kwamba nyumba ile hawaoshi matunda. Mwali akainamisha kichwa, na embe zile tuliziosha wenyewe mara mbili.

Dada zetu, funza yule si uchafu wa mtu. Nzi jike hutoboa ganda embe likiwa bado mtini, akataga mayai ndani. Funza huanguliwa humohumo, akala nyama ya tunda, kisha hujizika udongoni mpaka atoke nzi mpya.

Bibi zetu walimjua nzi wa embe wa asili ya Afrika. Lakini mwaka 2003 pwani ya Kenya alionekana nzi mwingine, mwenye asili ya Asia, na haukupita muda akapatikana na kwetu Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimwita Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Baadaye ikathibitika kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia miaka mingi. Kwa miaka michache alienea nchi nyingi za Afrika, akishambulia embe, mapera na hata machungwa.

Dini yetu imetutangulia kwenye hili. Katika Sunan ya Abu Dawud, Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa tende za zamani, akawa anazichunguza na kuwatoa wadudu. Hakuzitupa, wala haikutajwa kwamba alimlaumu aliyezileta. Na wanazuoni wa Kishafi wanasema mdudu aliyezaliwa ndani ya tunda, akiliwa pamoja nalo, si haramu. Wasichoruhusu ni kumla peke yake.

Basi tufanye hivi. Osha embe zima kwa maji safi yanayotiririka huku ukilisugua, bila sabuni, ili kisu kisiingize uchafu wa ganda ndani. Funza aliye ndani maji hayamfikii, kwa hiyo kata jikoni, si mbele ya wageni. Tazama penye kitundu, weusi au ulaini, uondoe. Lililooza usilitupe uani. Chimba shimo la kama nusu mita ulifukie, nzi asitoke tena.

Na ukiona funza kwenye sahani ya mwenzio, msitiri. Allah atusitiri sote. Amin.